Jinsi ya Kusoma Chanzo katika Jumbe za Logi za Rauta

Ukifungua ukurasa wa usimamizi wa rauta ya nyumbani na kuingia kwenye kumbukumbu za mfumo, ambazo mafundi wengi huziita logi, huenda ukakutana na mstari wa namna hii:

[DoS Attack: ACK Scan] from source: 203.0.113.45, port 443

Asiyeuzoea mstari huu huingiwa na hofu, kwa kuwa jambo la kwanza analolitambua ni shambulio, na la pili ni anwani inayoonekana kuwa ya mshambuliaji. Nimepokea simu nyingi za aina hiyo, na mara nyingi anayepiga huwa ameshaizuia anwani, au ameshaanza kumshuku jirani anayetumia Wi-Fi yake. Kinachowapotosha wengi ni neno chanzo lenyewe, ambalo ndani ya logi moja hubeba maana nne: kifaa kilichotuma ujumbe, programu iliyouandika, mashine inayozungumziwa na ujumbe huo, na kiolesura, yaani mlango wa rauta ambao pakiti (kipande cha data) iliingilia. Hatua zifuatazo zinaonyesha namna ya kuzitenganisha maana hizo kabla hujamtuhumu mtu yeyote.

Anwani za nje zilizotumika katika mifano yote ni zile zilizotengwa rasmi kwa ajili ya mafundisho na waraka wa viwango vya intaneti RFC 5737 wa mwaka 2010, kwa hiyo hakuna mtu anayezimiliki.

Hatua ya 1: Hakiki saa kabla ya kusoma anwani

Anwani ya IP hupewa mteja huyu leo na mwingine kesho, na katika mitandao ya simu inaweza kubadilika mara kadhaa kwa siku. Kwa hiyo chanzo kisicho na wakati sahihi hakimtambulishi mtu yeyote. Linganisha saa ya rauta na saa ya simu yako kwanza. Rauta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa, na umeme unapokatika na kurudi huanza na tarehe ya zamani mpaka ziipate seva ya NTP, yaani seva inayotoa saa sahihi kupitia mtandao. Rauta za kampuni ya Cisco hulitangaza jambo hili waziwazi: huweka nyota mbele ya tarehe ikiwa saa haiwezi kuaminiwa, na huweka nukta ikiwa saa iliwahi kulinganishwa na seva ya NTP lakini mawasiliano nayo yamepotea. Ukiona *Mar 1 00:00:12, usianze kumtafuta aliyefanya jambo tarehe 1 Machi. Maana yake ni kwamba rauta imewaka sekunde chache tu kabla ya kuandika mstari huo.

Majira nayo yana mtego wake. OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea rauta, kwa mfano, huandika kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, mpaka utakapoiwekea majira ya eneo lako, na Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya UTC. Tukio lililoandikwa 17:04:09 kwa UTC lilitokea 20:04:09 kwa saa za Nairobi au Dar es Salaam, yaani saa mbili na dakika nne usiku. Hapa wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuwa waangalifu kuliko wengine, kwa sababu mwenye ofisi akikwambia kwamba mtandao ulikatika saa mbili, naye hakusema ni asubuhi au usiku, unaweza kuandika 02:00 na kutafuta katika sehemu ya logi isiyohusika kabisa. Muulize, kisha uandike kwa saa 24 pamoja na tofauti ya majira: 20:04:09 +03:00.

Hatua ya 2: Tambua kifaa kilichotuma ujumbe

Aliye na rauta moja tu anaweza kuipita hatua hii. Inawahusu zaidi wanaokusanya logi za rauta nyingi kwenye seva moja. Rauta hutuma jumbe hizo kwa itifaki ya Syslog, kwa kawaida kupitia UDP, njia ya kutuma bila kusubiri jibu, kwenye poti 514 (poti ni namba ya huduma ndani ya kifaa), na ujumbe kutoka rauta ya Cisco unaweza kufika hivi:

<189>87: rauta-tawi2: Mar 4 20:04:09.113: %SYS-5-CONFIG_I: Configured from console by fundi1 on vty0 (192.168.10.25)

Namba iliyo mwanzoni ni kundi la ujumbe na uzito wake vikiwa vimeunganishwa. Gawanya 189 kwa 8, utapata 23 na baki 5. Namba 23 ni kundi la local7, ambalo Cisco hulitumia usipobadilisha chochote, na 5 ni uzito katika kipimo kinachoanzia 0, ambayo ni dharura, hadi 7, ambayo ni maelezo ya uchunguzi. Namba hii haikuambii ujumbe umetoka kifaa gani. Utambulisho wa kifaa unapatikana katika sehemu mbili: jina ambalo rauta imejitaja nalo, hapa rauta-tawi2, na anwani ya IP ya pakiti iliyoubeba ujumbe mpaka kwenye seva.

Sehemu hizo mbili zinaweza kupishana, na ndiyo sababu zote mbili zinapaswa kuhifadhiwa. Katika rsyslog, programu ya seva inayopokea logi, zinaitwa hostname na fromhost-ip. Rauta tano za matawi zikiwa nyuma ya NAT moja, yaani mpangilio unaobadilisha anwani za ndani kuwa anwani moja ya nje, zote zitafika kwenye seva zikiwa na anwani moja. Rauta yenye njia mbili za intaneti hutumia anwani ya kiolesura inakotokea, kwa hiyo laini kuu ikikatika na ya akiba ikashika, rauta ileile itaonekana kama kifaa kipya. Kwa Cisco, tatizo hili hutatuliwa kwa amri mbili, logging source-interface Loopback0 na logging origin-id hostname. Kwa rauta za kampuni ya MikroTik, weka src-address katika mpangilio wa kutuma logi na uwashe bsd-syslog, kwa sababu bila hiyo ujumbe unaweza kwenda bila kichwa chenye jina la kifaa. Kila rauta ipewe jina lake pia. Rauta za MikroTik hutoka kiwandani zote zikiitwa MikroTik, na seva yenye rauta kumi za jina moja haimsaidii mtu saa ya dharura.

Ile 192.168.10.25 iliyo ndani ya mabano mwishoni mwa mstari ni chanzo cha aina nyingine kabisa: ndiko alikoingilia mtu aliyebadilisha mipangilio. Ujumbe umetoka kwenye rauta, ila unamzungumzia mtu aliyekaa kwenye kompyuta yenye anwani hiyo.

Hatua ya 3: Tambua programu iliyoandika

Kila mstari una jina la sehemu ya mfumo iliyouandika, na jina hilo ndilo linalokueleza namna ya kuisoma anwani inayofuata. Katika OpenWrt utaona kernel kwa pakiti zilizoguswa na ngome (firewall), dnsmasq-dhcp kwa ugawaji wa anwani, na dropbear kwa wanaoingia kwa SSH, yaani njia salama ya kuiendesha rauta kwa mbali. Cisco huweka jina baada ya alama ya asilimia: SYS ni mfumo wenyewe, SEC-6-IPACCESSLOGP ni orodha ya ruhusa (kanuni za kuruhusu au kukataa pakiti), LINEPROTO ni hali ya kiolesura. MikroTik huandika mada zilizotenganishwa kwa koma, kama katika mfano huu:

system,error,critical login failure for user admin from 203.0.113.45 via winbox

Anwani inayofuata neno from katika mstari wa kuingia ni ya mtu aliyejaribu kuingia; winbox ni programu ya kusimamia rauta za MikroTik. Anwani katika mstari wa dnsmasq-dhcp ni ile ambayo rauta yenyewe imeigawa, wala haimaanishi kwamba mwenye anwani hiyo amefanya jambo lolote zaidi ya kuunganishwa.

Hatua ya 4: Chambua chanzo cha pakiti

Huu ndio mstari unaosomwa vibaya kuliko yote, kwa hiyo tuutazame kwa utulivu. Umeandikwa na ngome ya OpenWrt, lakini rauta nyingine nyingi zinazotumia Linux huandika kwa mfumo huohuo:

Tue Mar 4 17:04:09 2025 kern.warn kernel: [81234.567890] reject wan in: IN=eth1 OUT= MAC=a4:2b:b0:11:22:33:00:1e:10:44:55:66:08:00 SRC=203.0.113.45 DST=198.51.100.7 LEN=40 TTL=244 PROTO=TCP SPT=51234 DPT=23 SYN

Anza na IN na OUT, kabla hata ya kuangalia SRC. IN=eth1 inasema pakiti iliingilia kiolesura cha eth1, ambacho katika rauta hii ni upande wa intaneti, na OUT iliyo tupu inasema pakiti ilikuwa inailenga rauta yenyewe, haikuwa inapita kwenda kwa mtu wa ndani. Kiolesura ni ushahidi wenye nguvu kuliko anwani, kwa sababu anwani huandikwa na mtumaji ilhali kiolesura huandikwa na rauta yako. Anwani ya 192.168.1.50 ikionekana kwenye SRC huku IN ikiwa upande wa intaneti, usiende kuitafuta kompyuta hiyo ndani ya nyumba. Pakiti imetoka nje, imeghushiwa au imevuja kutoka mtandao wa mtu mwingine.

Sehemu ya MAC huwapoteza hata mafundi wenye uzoefu. Anwani ya MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao ya kifaa, ina jozi sita tu, lakini hapa zimeandikwa jozi kumi na nne, kwa sababu vitu vitatu vimeunganishwa bila kutenganishwa. Jozi sita za kwanza, a4:2b:b0:11:22:33, ni za mpokeaji, yaani rauta yako. Sita zinazofuata, 00:1e:10:44:55:66, ndizo za chanzo. Mbili za mwisho, 08:00, zinaonyesha kwamba ndani yake kuna pakiti ya IPv4. Nimewahi kumwona mtu akizuia jozi sita za kwanza kwenye Wi-Fi yake na kushangaa kwamba hakuna kilichobadilika, kumbe alikuwa ameizuia rauta yake mwenyewe. Kumbuka pia kwamba MAC haivuki rauta. Kwa pakiti iliyotoka intaneti, MAC ya chanzo ni ya modemu au kifaa cha mtoa huduma kilicho upande wa pili wa waya wako, na haina uhusiano wowote na mshambuliaji. Inakuwa na maana pale tu IN ikiwa upande wa ndani. Na kama unaunganishwa kwa PPPoE (njia ya kuingia intaneti kwa jina na nywila ya mtoa huduma), sehemu hiyo huwa tupu kabisa, jambo ambalo si hitilafu.

SRC na DST ni anwani ya mtumaji na ya mlengwa. SPT na DPT ni poti zao. Poti ya mtumaji kwa kawaida ni namba kubwa iliyochaguliwa bila mpangilio, kama 51234 hapa, na poti ya mlengwa ndiyo inayoonyesha kusudi. DPT=23 ni Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali. Programu haribifu ya Mirai, iliyovuma mwaka 2016 kwa kuteka kamera na rauta zenye nywila za kiwandani, iligonga poti hiyo duniani kote, na vizazi vyake bado vinaendelea kugonga. SYN ni ombi la kwanza la kufungua mawasiliano ya TCP, ambayo pande mbili hujibizana kwanza kabla ya kutumiana data. TTL ni hesabu inayopungua moja kila pakiti inapopita rauta, hivyo TTL=244 inaashiria kwamba pakiti ilianza safari ikiwa na 255 na kupita rauta 11 hivi. Kwa ujumla, mstari huu unaeleza mashine fulani ya mbali iliyokuwa inapita ikigonga milango, na ngome iliyokataa kuifungulia.

MikroTik huandika habari hizohizo kwa namna inayosomeka kwa urahisi zaidi: in:ether1, kisha src-mac peke yake, kisha 203.0.113.45:51234->198.51.100.7:23, na mshale unaonyesha pakiti ilitoka kwa nani kwenda kwa nani. Cisco huandika chanzo kabla ya mshale, poti ikiwa kwenye mabano, lakini haitaji kiolesura wala MAC mpaka utumie neno log-input badala ya log mwishoni mwa kanuni ya orodha ya ruhusa. Ukiona poti imeandikwa (0) kwa Cisco, kanuni zako hazikuangalia poti, kwa hiyo rauta haikuisoma.

Hatua ya 5: Ainisha anwani ya chanzo

Anwani zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168 ni za ndani, kwa mujibu wa RFC 1918 wa mwaka 1996. Kifaa chenye 169.254 kimeomba anwani kikakosa, hivyo tafuta tatizo la DHCP, huduma inayogawa anwani. Chanzo cha 0.0.0.0 kinachotuma kwenda 255.255.255.255 ni kifaa kipya kinachoomba anwani, na mara nyingi ni simu ya mgeni aliyeingia sasa hivi. Zinazoanza na fe80 ni za IPv6 na haziwezi kutoka nje ya waya au Wi-Fi uliyomo.

Kundi la 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, lililotengwa mwaka 2012 na RFC 6598, linahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu mitandao ya simu hutumia anwani za aina hii kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiona upande wa intaneti wa rauta yako una anwani ya kundi hili, wewe mwenyewe ni mmoja wa wateja hao.

Kwa vifaa vya ndani, usitegemee MAC kuliko inavyostahili. Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hutengeneza MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi. Utaitambua kwa herufi ya pili: ikiwa ni 2, 6, a au e, kama katika a2:5c:0f:31:7b:e4, MAC hiyo haikutoka kiwandani, na kutafuta jina la mtengenezaji wake ni kazi bure.

Hatua ya 6: Pima kama chanzo kinaaminika

Sasa turudi kwenye mstari wa kwanza kabisa. Poti iliyotajwa ni 443, nayo ni ya upande wa chanzo. Poti 443 ni ya seva za wavuti, na mshambuliaji hana sababu kubwa ya kuitumia kama mahali pa kutokea. Maelezo yanayoelekea zaidi kuwa kweli ni haya: mtu wa nyumbani alifungua tovuti, rauta ikaandika mawasiliano hayo kwenye jedwali lake la NAT, simu ikalala, rauta ikafuta kumbukumbu hiyo, kisha jibu la mwisho la seva likafika likiwa limechelewa. Rauta haikulitambua jibu hilo, ikaliita uchunguzi wa ACK (alama ya kukiri kupokea data). Tafuta anwani hiyo ni ya nani. Ikiwa ni ya kampuni inayohifadhi tovuti au kusambaza video, acha. Kinyume chake, mamia ya mistari yenye SYN kutoka chanzo kimoja kwenda poti tofauti za rauta yako ni uchunguzi wa kweli.

Anwani ya chanzo inaweza kughushiwa katika UDP na katika SYN ya kwanza ya TCP, kwa kuwa mtumaji hahitaji kupokea jibu. Waraka wa RFC 2827 uliwataka watoa huduma tangu mwaka 2000 wazuie pakiti za namna hiyo zisitoke kwa wateja wao, lakini si wote wanaofanya hivyo. Mstari wa dropbear au winbox unaosema kwamba nywila imekosewa ni jambo tofauti: ili kufika hatua ya kutoa nywila, pande zote mbili zilikwisha kujibizana, kwa hiyo anwani hiyo kweli ilikuwa inapokea majibu.

Rauta yenyewe inaweza kuficha chanzo pia. Niliwahi kuitwa kwenye shule moja ambako seva ya matokeo ilikuwa inarekodi mamia ya majaribio ya kuingia kila usiku, yote kutoka 192.168.88.1. Kwa kuwa anwani ilikuwa ya ndani, uongozi uliamini kwamba ni wanafunzi wa chumba cha kompyuta, na wawili kati yao walikuwa wameshaitwa kuhojiwa pamoja na wazazi wao. Mimi nami nilipoteza siku nzima nikikagua kompyuta moja moja. Jioni ndipo nilipofungua rauta na kukuta kanuni ya NAT iitwayo masquerade isiyotaja kiolesura cha kutokea (out-interface), ambayo ilikuwa inabadilisha anwani ya kila pakiti inayopita, hata zinazotoka nje kuja kwenye seva, na kuweka ya rauta. Niliibana kanuni hiyo ifanye kazi upande wa intaneti peke yake kwa kuongeza out-interface-list=WAN, na usiku uleule seva ikaanza kuandika anwani za nje, kutoka nchi kadhaa. Tangu siku hiyo, kila ninapoona seva ya ndani inalalamikia anwani ya rauta yake, natazama kanuni za NAT kabla ya kumtazama mtu.

Hatua ya 7: Tafuta mwenye anwani na umpelekee taarifa kamili

Kwa anwani ya nje, tumia huduma ya whois. Anwani za Afrika husajiliwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, na nyingi ya zinazoanza na 41, 102, 105 au 197 zipo chini yake. Utakachopata ni jina la kampuni iliyopewa kundi hilo la anwani na barua pepe ya kupokea malalamiko. Hutapata jina la mtu, na jina la nchi linaloonyeshwa ni la mwenye kundi, si lazima liwe la mtumiaji.

Unapoandika malalamiko, nakili mstari mzima wa logi kama ulivyo, usiandike muhtasari wake. Poti ya chanzo ni ya lazima: nyuma ya anwani moja ya mtandao wa simu wanaweza kuwepo mamia ya wateja kwa wakati mmoja, na kinachowatenganisha ni poti na sekunde. Waraka wa RFC 6302 wa mwaka 2011 uliwataka wenye seva waandike vyote viwili kwa sababu hiyohiyo. Kama logi yako haina SPT, washa kwanza uandishi wake na usubiri tukio lijirudie. Kisha andika wakati pamoja na majira yake, na useme kama saa ya rauta ilikuwa imelinganishwa na NTP wakati huo. Mfano unaotosha ni huu: 2025-03-04 20:04:09 +03:00, kutoka 203.0.113.45 poti 51234, kwenda 198.51.100.7 poti 23, TCP SYN, saa imelinganishwa na NTP. Kwa maneno hayo, fundi wa upande wa pili anaweza kufungua jedwali lake la NAT na kwenda moja kwa moja kwenye mstari mmoja.